Mzungu Anaposema Amebaguliwa

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Msomaji wa kikundi asome polepole, na pale palipoandikwa SIMAMENI aache kusoma ili watu wapate kuzungumza.)

Leo tutasoma neno moja tu, lakini ni neno zito. Liandikeni madaftarini: u-ba-gu-zi. UBAGUZI.

Neno hili limezaliwa na neno kubagua, yaani kutenga, kuweka hiki huku na kile kule. Kubagua vitu si kosa. Mwenye duka hubagua mayai mazima na yaliyopasuka, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini mtu akitengwa na wenzake, akanyimwa kazi au nyumba au heshima kwa sababu ya rangi yake, kabila lake au dini yake, hapo ndipo tunaposema amebaguliwa.

Habari hii sisi tunaijua zaidi kwa upande mmoja. Tunajua Mzungu alivyombagua Mwafrika, maana wazee wetu waliyaona kwa macho yao. Leo nataka tutazame upande wa pili. Akija Mzungu akasema, "Mimi nimebaguliwa kwa sababu ya weupe wangu," sisi tunamjibu nini?

Nililiuliza swali hilo katika darasa moja la Temeke. Kwanza watu walicheka. Kisha fundi baiskeli mmoja akasema, "Na aonje. Sisi tulionja miaka mingapi?" Dada mmoja akasema Mzungu hawezi kubaguliwa, kwa sababu popote aendapo ana pesa na ana ubalozi wa kumtetea. Mama mmoja mwenye genge akasema yeye huwaongezea Wazungu bei ya maembe, na bado hajasikia hata mmoja akilia. Tukacheka tena. Hakuna aliyeuliza mtu huyo amefanyiwa nini hasa.

Majibu yale siyadharau. Yana historia ndani yake, na historia hiyo yafaa tuijue kwanza.

Zamani za Waingereza mji wa Dar es Salaam ulikaliwa kwa rangi. Oyster Bay palikuwa pa Wazungu. Upanga na katikati ya mji wengi walikuwa Wahindi. Waafrika walikaa Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni. Ndiyo maana mpaka leo mnasikia watu wakisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Shule za watoto zilikuwa mbalimbali kwa rangi. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Tanganyika ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, na Wazungu 20,000 na kidogo. Lakini katika Baraza la Kutunga Sheria, kuanzia mwaka 1955, viti vya wajumbe wasio watumishi wa serikali viligawanywa sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Ukiutazama mgawo huo kwa juu juu utasema hii ndiyo haki, maana kumi ni sawa na kumi. Chukua kalamu ugawanye. Kila Wazungu 2,000 hivi walikuwa na mjumbe mmoja. Kila Waafrika 860,000 na zaidi walikuwa na mjumbe mmoja. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa na sheria kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Asipopiga zote tatu, kura yake ilikuwa haina kazi. TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, ikabishana sana, mwisho ikakubali kuingia katika uchaguzi huo wenye kasoro. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka TANU akaanzisha chama chake cha Kongresi, akitaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Basi mambo hayo yalipoanza kugeuzwa, baadhi ya wale waliokuwa juu walianza kusema kwamba wanabaguliwa. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana malalamiko yenyewe yalikuwa ya aina mbili, na watu wengi huyachanganya mpaka leo.

Malalamiko ya kwanza yalihusu kazi za serikali. Nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, katika kazi za juu na za kati serikalini wenyeji walikuwa kama robo moja tu. Waliobaki walikuwa wageni, wengi wao Waingereza. Serikali ilisema kwamba katika kujaza nafasi hizo Mwafrika atatangulizwa. Wako waliouliza: je, huko si kubagua kwa rangi, jambo lile lile TANU ililolipinga? Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kulieleza jambo hilo katika Baraza mwezi wa Oktoba 1960. Hakukana kwamba Mwafrika atatangulizwa. Alieleza kwamba watumishi wa serikali lazima wafanane na nchi wanayoitumikia, na kwamba Mwafrika alikuwa amewekwa nyuma kwa makusudi, kwa hiyo ni haki avutwe mbele.

Mtu akikalia viti viwili kwenye daladala, kisha kondakta akamwambia asogee ili mwenzake akae, huyo hakunyang'anywa kiti. Ameondolewa kiti cha pili. Ataona vibaya, tena ataona vibaya kweli kweli, lakini kuona vibaya ni jambo moja na kudhulumiwa ni jambo jingine.

SIMAMENI. Je, mwenye viti viwili ana haki ya kulalamika akiambiwa ateremke kabisa?

Tuendelee. Malalamiko ya pili ndiyo hayo ya kuteremshwa kabisa. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, serikali ilipeleka Bungeni muswada wa sheria ya uraia. Uraia maana yake ni kuwa mwananchi kamili wa nchi fulani kwa sheria. Muswada ulisema, kwa ufupi, kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, atakuwa raia siku ya uhuru. Aliyezaliwa hapa bila mzazi aliyezaliwa hapa angeweza kujiandikisha katika muda wa miaka miwili. Rangi haikutajwa. Na mtu hakuruhusiwa kuwa raia wa nchi mbili.

Baadhi ya wabunge, tena wa TANU yenyewe, waliinuka wakapinga. Walitaka uraia upewe Waafrika tu, angalau kwa wakati ule. Msidhani watu hao walikuwa wapumbavu. Walisema hivi: Mzungu ana shamba, Mhindi ana duka na nyumba, Mwafrika hana kitu ila hii nchi. Ukimpa kila mtu uraia siku moja, aliyetangulia atabaki mbele, na sheria itamlinda huko mbele alipo. Na wengine waliuliza, mtu aliyetudharau jana, leo ndiye awe ndugu yetu kwa karatasi?

Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki darasa lolote liipuuze. Lakini tazameni jibu alilolitoa Nyerere. Alikasirika, na aliyoyasema siku ile yamo katika kumbukumbu za Bunge. Alisema kwamba kuupima uraia kwa rangi ya ngozi ni kufuata njia ya Hitler wa Ujerumani na Verwoerd wa Afrika Kusini, na kwamba ukianza kuwatenga watu kwa rangi hutajua utaishia wapi, kwa maana baada ya rangi yatafuata mengine. Kisha akasema kwamba muswada ukikataliwa, serikali nzima itajiuzulu. Muswada ukapita.

Je, nani alikuwa amewatetea Wazungu na Waasia siku ile? Mtu yule yule aliyewaambia mwaka mmoja nyuma kwamba katika kazi za serikali Mwafrika atatangulizwa. Wengine walimwona kigeugeu. Mimi naona alipima kitu kilichofanywa, hakumpima aliyelalamika. Kazini palikuwa na kosa la zamani la kusahihishwa. Katika uraia watu walitaka kutengeneza kosa jipya.

Na yeye hakuwa peke yake. Tarehe 1 Novemba 1962 Mtemvu alisimama naye katika uchaguzi wa Rais. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1, Mtemvu alipata 21,000 na kidogo.

Lakini kusahihisha nako kuna mwisho, na kuujua mwisho wake ni kazi ngumu. Tarehe 7 Januari 1964 Rais Nyerere aliandika waraka kwa watumishi wa serikali kwamba tangu siku ile raia wote watatazamwa sawa katika kuajiriwa na kupandishwa cheo, bila kujali rangi. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika, vikasema ni mapema mno. Siku 13 baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ndiyo Lugalo hapo Kinondoni, waliasi. Walitaka mshahara zaidi na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Uasi ule ulikuwa na sababu zake nyingi na sitasema ulitokana na waraka. Nasema tu kwamba hasira juu ya cheo na rangi ilikuwa bado moto. Mimi nafikiri wanachama wa vyama vile walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu miaka miwili haitoshi kumsomesha daktari hata mmoja. Waraka uliwahusu raia peke yao, na Wazungu raia walikuwa wachache, lakini Waafrika wenye elimu ya juu nao walikuwa wachache.

Mwaka uliofuata wapiga kura walitoa jibu lao wenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba, na ilikatazwa kuomba kura kwa kutaja rangi, kabila au dini. Derek Bryceson, Mzungu raia aliyezaliwa China mwaka 1922 na kurusha ndege katika vita vya pili vya dunia, aligombea hapa hapa Dar es Salaam akishindana na Mwafrika. Alishinda. Katika uchaguzi ule ule Paul Bomani, waziri wa fedha, Mwafrika tena mwanachama wa zamani wa TANU, alishindwa huko Mwanza.

SIMAMENI. Mnafikiri kwa nini watu wa mji huu walimchagua mtu ambaye miaka minne nyuma baadhi ya wabunge hawakutaka hata awe raia?

Sasa tutoke nyumbani kidogo, twende Zimbabwe, kwa maana huko malalamiko ya Mzungu yalifika mahakamani, na matokeo yake yametugusa hata sisi.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 iliwapa Wazungu wachache karibu nusu ya nchi ile, tena ardhi iliyo bora. Ulikuwa ni wizi ulioandikwa kwa wino. Kuanzia mwaka 2000 mashamba ya Wazungu yalianza kuvamiwa na kutwaliwa, na mwaka 2005 katiba ilibadilishwa ili mwenye shamba asiweze kwenda mahakamani kupinga. Mkulima mmoja Mzungu, Mike Campbell, pamoja na wenzake, walikwenda Windhoek, Namibia, kwenye mahakama ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, yaani SADC, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Wakasema wamebaguliwa kwa rangi.

Tarehe 28 Novemba 2008 majaji watano walitoa hukumu. Wote waliona kwamba kumfungia mtu mlango wa mahakama si haki. Juu ya ubaguzi, majaji wanne walisema ndiyo, umekuwapo, na mmoja hakukubali. Wale wanne walisema kwamba sheria haikutaja Wazungu, lakini ilivyotumika iliwaangukia wao tu. Kisha wakaongeza jambo ambalo watu wengi hawalisimulii. Walisema kwamba kama mashamba yangechaguliwa kwa kipimo cha haki, kama fidia ingelipwa, na kama ardhi ingepewa kweli maskini wasio na ardhi, basi kutendewa tofauti kule kusingekuwa ubaguzi. Yaani kusahihisha wizi wa zamani kunaruhusiwa. Kilichokatazwa ni kutumia wizi wa zamani kuwa kisingizio cha kuwagawia wakubwa na jamaa zao.

Watu walilipokeaje jambo hili? Wengi katika Afrika walipiga makofi kumshangilia Rais Mugabe, na hawakutaka kusikia neno kutoka kwa mkulima Mzungu. Serikali ya Zimbabwe ilikataa hukumu. Mwaka 2010 wakuu wa nchi za SADC waliisimamisha mahakama ile, na mwaka 2012 waliamua kwamba mahakama mpya itasikiliza kesi za nchi na nchi tu. Mtu binafsi hana mlango tena. Kwa hiyo mlango uliofungwa ili asipite Campbell umefungwa pia kwa mkulima wa Morogoro, kwa mwalimu wa Lusaka, kwa mvuvi wa Msumbiji, na kwa yeyote anayedhulumiwa na serikali yake mwenyewe. Chama cha wanasheria wa Tanganyika kililipeleka jambo hilo katika Mahakama Kuu yetu, nayo mwaka 2019 ilisema kwamba kuisimamisha mahakama ile kulikwenda kinyume cha utawala wa sheria. Na Zimbabwe yenyewe, mwaka 2020, ilitia sahihi mapatano ya kuwalipa wakulima wale dola za Marekani bilioni 3 na nusu kwa majengo na mali waliyoiweka mashambani. Mwanzo wa fidia wameukubali, lakini pesa hizo ni nyingi kwa nchi maskini.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kila lalamiko la Mzungu ni la kweli. Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliwapokea Makaburu 59 kutoka Afrika Kusini kuwa wakimbizi, ikisema wanaonewa kwa weupe wao, na sheria mpya ya ardhi ikatajwa sana. Wakati ule sheria hiyo ilikuwa imetiwa sahihi lakini haijaanza kutumika. Wazungu ni kama watu 7 katika kila watu 100 wa nchi ile, lakini ukaguzi wa ardhi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mashamba ya watu binafsi karibu robo tatu ni yao. Wakulima wameuawa mashambani, hilo ni kweli na ni baya. Lakini nchi ile ina mauaji mengi mno, na wengi wanaouawa ni Waafrika. Ukiuliza "wamefanyiwa nini hasa, na ni wao tu?" unapata jibu tofauti na lile la Zimbabwe.

Turudi kwetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mtu yeyote kubaguliwa, na rangi imetajwa humo. Ibara hiyo haisemi rangi nyeusi, wala haisemi nyeupe. Na humo humo imeandikwa kwamba serikali haizuiwi kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Ni yale mawili ya mwaka 1960 na 1961, yamewekwa pamoja katika ibara moja.

Kwa hiyo Mzungu mgeni akisema, "Nimenyimwa kumiliki ardhi Tanzania, nimebaguliwa," badilisheni rangi muone. Mkenya mweusi naye angenyimwa, kwa maana sheria ya ardhi inatazama uraia. Akisema mlangoni mwa hifadhi ametozwa kiingilio kikubwa, fanyeni hivyo hivyo. Lakini Mzungu raia mwenye kitambulisho cha taifa mkononi, akitozwa bei ya mgeni kwa sababu ya uso wake, huyo mkibadilisha rangi jibu linabadilika.

Na yule mama wa maembe? Nilimuuliza, mteja Mhindi naye unamwongezea? Akasema inategemea. Mchaga mwenye gari je? Akacheka, akasema huyo ndiye wa kwanza. Basi sikumtia katika hesabu ya wabaguzi. Nilimtia katika hesabu ya wafanyabiashara. Darasa halikuafikiana nami hata kidogo.

Sasa zungumzeni. Mwanamke mmoja Mzungu, raia, amekaa Tandika miaka 20 na anaomba nafasi ya kuuza chakula kwenye soko jipya. Kamati inasema nafasi ni 40, na 30 wametengewa wanawake waliobomolewa vibanda vyao vya zamani. Yeye hakuwa na kibanda. Anasema amebaguliwa. Mjumbe mmoja wa kamati anamjibu, "Kwenu Ulaya kuna masoko mengi." Nusu ya darasa wawe kamati, nusu wamtetee mama huyu. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu daftarini: katika habari hii ni kipi kilichokuwa haki, na ni kipi kilichokuwa ubaguzi?